Nodi za Bitcoin ni ngapi, na ziko wapi? Uchambuzi wa kisa cha Julai 2021

Julai 2021 nodi za Bitcoin, yaani kompyuta zinazounda mtandao wa sarafu hiyo, zilianza duniani kote kumiminiwa anwani za IP kwa wingi usio wa kawaida. Mgeni anajiunganisha na nodi yako, anatuma ujumbe wa aina ya addr (ujumbe wa kutaja anwani za nodi nyingine) mmoja baada ya mwingine, kila ujumbe ukiwa na anwani 10, hadi zinatimia jumbe 500. Kisha anakata muunganisho na kupotea. Hizo ni anwani 5,000 kwa ugeni mmoja tu, na ukizijaribu moja moja hukuti nodi ya Bitcoin upande wa pili.

Watafiti wawili wa taasisi ya teknolojia ya Karlsruhe nchini Ujerumani, Matthias Grundmann na Max Baumstark, walikuwa na mitambo ya kusikiliza mtandao huo, na waliyachambua waliyoyanasa. Kwa mtu wa kawaida anayetuma na kupokea sarafu hakuna kilichobadilika, malipo yaliendelea kupita. Lakini kwa yeyote anayejaribu kujibu swali la mtandao huu una ukubwa gani na umeenea wapi, hili lilikuwa jambo zito, kwa sababu jumbe hizohizo ndizo malighafi ya hesabu. Ndiyo maana nimekichagua kisa hiki. Kinaonyesha kila udhaifu wa hesabu zetu kwa wakati mmoja, na ndani yake kuna mbinu nzuri sana ya upimaji ambayo isingepatikana bila taka zile, yaani zile anwani zisizo na nodi.

Tuanze na jinsi nodi inavyojua wenzake. Bitcoin haina daftari la wanachama. Nodi ni kompyuta yoyote inayoendesha programu kama Bitcoin Core, inayohifadhi na kukagua mabloku (mafungu ya miamala iliyothibitishwa) na kupokezana miamala na wengine. Ikiwashwa mara ya kwanza huuliza majina machache ya DNS (mfumo wa kutafsiri majina ya intaneti kuwa anwani) yaliyoandikwa ndani ya programu yenyewe, hupewa anwani kadhaa za kuanzia, na baada ya hapo hutegemea habari za majirani. Yenyewe hufungua miunganisho 10 ya kutoka: minane ya kupokezana kila kitu, na miwili ya mabloku tu iliyoongezwa mwishoni mwa 2019. Ikikubali kupokea wageni, jumla ya miunganisho yake inaweza kufika 125. Kila anwani inayosikia huiandika kwenye kitabu chake, na jirani akiiomba kwa ujumbe wa getaddr humchotea sehemu ya kitabu hicho, anwani zisizozidi 1,000 kwa mkupuo.

Mwenye kuhesabu hutumia mlango huohuo. Kipekuzi, yaani programu ya kupitia mtandao mzima, hujiunganisha na nodi chache, huomba anwani, hujaribu kila anwani iliyopewa, na kila inayoitikia huiomba anwani zake nayo, hadi majina mapya yanaisha. Bitnodes, mradi ulioanzishwa 2013 na Addy Yeow, hufanya hivyo usiku na mchana na kuchora matokeo kwenye ramani. Karibu kila ramani ya Bitcoin unayoiona kwenye habari imetoka huko au kwenye kipekuzi cha aina hiyo.

Sasa angalia namba ambazo zimewahi kutolewa kuhusu mtandao huu mmoja. Vipekuzi katika kipindi kile cha 2021 vilikuwa vikikuta nodi 10,000 na kitu. Luke Dashjr, mwandishi wa miaka mingi wa programu za Bitcoin, amekuwa akitoa hesabu yake inayojumuisha nodi zisizopokea wageni, na hesabu hiyo iliwahi kupita 100,000. Namna anavyoifikia hakuiweka yote hadharani, ili watu wasijifunze kuichezea. Na nyuma kidogo, 2014, watafiti wa Hispania walichapisha kazi ambapo walikusanya zaidi ya anwani 872,000 tofauti. Elfu kumi, laki moja, karibu laki tisa. Mwandishi wa habari mwenye haraka atachagua inayompendeza.

Namba hizi hazigombani. Zinajibu maswali matatu. Ya kwanza ni idadi ya nodi zinazofikika sasa hivi, yaani zinazoitikia mgeni akibisha hodi. Ya pili inaongeza zile zisizofikika: ziko nyuma ya ruta ya nyumbani au ukuta moto wa ofisi, zinakwenda kwa wengine lakini wengine hawawezi kuzijia. Ya tatu ni jumla ya anwani zilizoonekana katika kipindi cha wiki kadhaa, na humo mtu mmoja ambaye mtoa huduma wake humbadilishia IP kila siku anaweza kuhesabiwa mara ishirini. Kusema "Bitcoin ina nodi 10,000" bila kutaja ni zipi ni sawa na kutangaza idadi ya wakazi wa mtaa baada ya kuhesabu milango iliyofunguliwa saa nne asubuhi.

Tabaka gumu kuliko yote ni la pili. Nodi isiyofikika huwezi kuiita, lakini unaweza kuisikia. Programu huitangaza anwani yake yenyewe kwa majirani takriban mara moja kwa siku, hata kama anwani hiyo iko nyuma ya ruta isiyoruhusu wageni. Jirani akipokea tangazo bichi, lenye muhuri wa saa usiozidi dakika 10 na lililofika kwenye ujumbe mdogo usiozidi anwani 10, hulipitisha kwa majirani wengine wawili, nao hivyohivyo. Kwa hiyo mtu akijiunganisha na nodi nyingi zinazofikika na kukaa kimya akisikiliza, atasikia sehemu ya matangazo ya nodi ambazo hataweza kuzigusa kamwe. Akijua kiasi gani cha matangazo humfikia, anaweza kukadiria yote. Kikundi cha Karlsruhe kiliijenga mbinu hiyo ya kusikiliza na kuitumia kwenye kumbukumbu walizokuwa wamezihifadhi tangu 2015.

Hapo ndipo wimbi la Julai lilipopiga. Tazama tena umbo la zile jumbe: anwani 10 kwa kila ujumbe, wala si 11. Aliyezituma aliijua kanuni ya kupitisha, na akazipima ili zisambae. Kipekuzi kinachobisha hodi hakikudanganyika sana kwenye hesabu ya mwisho, kwa sababu anwani isiyoitikia haihesabiwi. Kilichokipata ni kazi ya bure, kujaribu anwani mfu nyingi mno. Lakini msikilizaji, ambaye anahesabu kwa matangazo tu, angeona mtandao umefura mara nyingi zaidi kwa siku chache. Angeweza hata kuandika kwamba Bitcoin inakua kwa kasi ya ajabu. Mwezi huo habari za aina hiyo zingepata wasikilizaji wengi, maana China ilikuwa imewafukuza wachimbaji wake, yaani wenye mashine zinazoshindana kuunda mabloku mapya, na kila mtu alikuwa akitazama nani anapokea nini.

Taka hizo unazijuaje? Kipimo cha kwanza ni kurudia. Nodi ya kweli ikijitangaza leo, kesho utaisikia tena. Anwani iliyookotwa ovyo itatokea mara moja na haitarudi. Kipimo cha pili nakipenda zaidi, kwa sababu hakihitaji kungoja hata siku moja. Chukua anwani zote mpya za saa moja, zipange kwa namba ya kwanza ya IPv4 (anwani ya IP ya namba nne zenye nukta kati yake), ile kabla ya nukta ya kwanza. Nodi za kweli hujikusanya mafungu mafungu: fungu kubwa kwenye anwani za kampuni za kukodisha seva, fungu kwenye anwani za watoa huduma wa majumbani wa Marekani na Ulaya, na maeneo mapana karibu matupu, kwa mfano mapande makubwa ya anwani ambayo jeshi la Marekani limeyashikilia tangu enzi za mwanzo za intaneti. Anwani zilizochotwa ovyo hujaa kila mahali kwa usawa, hata kwenye mapande ambayo hujawahi kukuta nodi. Mchoro wa milima ukigeuka ghafla kuwa uwanda, hapo kuna mtu anatengeneza anwani.

Na hapa kuna mtego ambao wachoraji wa ramani wanapaswa kuuogopa. Anwani za IPv4 zilizogawiwa duniani ni kama bilioni 3.7, na zaidi ya theluthi moja ziko Marekani. AFRINIC, shirika lenye makao Mauritius linalogawa anwani kwa Afrika nzima, lina takriban asilimia 3. Ukichota anwani ovyo na kuziweka kwenye ramani, Marekani itaongoza kwa mbali, nchi za Ulaya na Asia ya Mashariki zitafuata, na Afrika itakuwa na vidoa vichache. Ramani ya taka tupu ingefanana kwa juu juu na ramani ambayo wengi wanaitarajia! Kwa hiyo mtu asikwambie ramani yake ni sahihi kwa sababu "inaleta maana". Umbo hilo ni la mgawanyo wa anwani za intaneti, na lipo hata pasipokuwa na Bitcoin.

Sasa nifike kwenye sehemu iliyonifanya niandike. Grundmann na Baumstark waliona kwamba taka zile, bila mtumaji kukusudia, zilikuwa dawa ya kupimia. Anwani ya taka ni mpya, haijawahi kusikika, na inaingia kwenye nodi moja kwa wakati unaojulikana. Nodi hiyo itaipitisha kwa majirani wawili inaowachagua kwa bahati nasibu ya kihesabu. Kama mtambo wako wa kusikiliza ni mmoja wa majirani hao, utapata sehemu ya taka kulingana na wingi wa majirani wa nodi hiyo.

Tufanye hesabu kwa mfano, namba zikiwa zangu za kueleweshea. Nodi imepokea anwani 5,000. Kila moja inakwenda kwa majirani wawili, kwa hiyo kuna mapokezi 10,000 ya kugawana. Wewe uliyeunganishwa nayo umepata 250. Basi 10,000 kwa 250 ni 40: nodi hiyo ina majirani wapatao 40 wanaopokezana anwani. Ungepata 1,000, ingekuwa na majirani 10. Hakuna aliyeiuliza nodi kitu, wala kuingia ndani yake. Grundmann na Baumstark waliitumia njia hiyo kukadiria majirani wa nodi zinazofikika, na wakaonyesha kwamba inafichua pia nodi bandia, mashine moja inayojifanya wengi, kwa sababu taka inayoingizwa kupitia jina moja hutokea kwenye jina jingine kwa namna ambayo nodi mbili zilizo mbali haziwezi kuifanya.

Idadi ya majirani inasaidia nini kwenye ukubwa wa mtandao? Inasaidia sana, na mimi ningependa watu wengi zaidi waijue njia hii maana ni ya hesabu za darasa la saba. Kila muunganisho una ncha mbili: kwa mmoja ni wa kutoka, kwa mwingine ni wa kuingia. Jumla ya miunganisho ya kutoka lazima ilingane na jumla ya ya kuingia. Nodi zisizofikika hazipokei wageni, kwa hiyo wageni wote wamekaa kwenye nodi zinazofikika. Chukua nodi 10,000 zinazofikika, kila moja na majirani 40 wa anwani. Minane ni miunganisho yake ya kutoka (ile miwili ya mabloku haipitishi anwani, tunaiacha), inabaki 32 ya kuingia. Elfu kumi mara 32 ni miunganisho 320,000. Kila nodi hufungua minane. Gawa, unapata nodi 40,000 kwa jumla, zinazofikika na zisizofikika pamoja.

Namba hiyo si tangazo la ukubwa wa Bitcoin, ni mfano. Ila angalia inavyoyumba. Miongoni mwa wageni 32 wamo wasio nodi: pochi nyepesi za simu, vipekuzi vyenyewe, na wasikilizaji wa kudumu. Machi 2023 mchunguzi anayejulikana kwa jina la b10c alieleza juu ya kikundi alichokiita LinkingLion, kilichokuwa kikifungua miunganisho kwenye nodi nyingi kutoka anwani 812 tofauti, na dalili zake zikirudi nyuma hadi 2018. Ukisema theluthi moja ya wageni ni watu wa namna hiyo, makadirio yanashuka kutoka 40,000 hadi kama 27,000. Kwa hiyo anayeitumia njia hii atoe kiwango cha chini na cha juu, na aseme amekata nini.

Kuna njia nyingine ya kuthibitishia, iliyotoka kwa wavuvi na wanabiolojia: wakamate samaki, watie alama, waachie, kisha vua tena na uone wangapi wana alama. Vipekuzi viwili vinavyojitegemea vinaweza kufanya hivyo. Kimoja kimekuta nodi 8,000, kingine 9,000, na zinazopatikana kwenye orodha zote mbili ni 7,200. Zidisha 8,000 kwa 9,000, gawa kwa 7,200, jibu 10,000. Kasoro yake ni kwamba nodi hazikamatiki kwa usawa. Nodi inayokaa kwenye seva ya kukodi iko hewani mwezi mzima na kila kipekuzi kitaikuta, ile ya nyumbani inazimwa usiku. Kwa sababu hiyo njia hii huelekea kupunguza, na zinazopunguzwa ni zilezile za watu wa kawaida.

Hadi hapa ni idadi. Suala la wapi ni bovu zaidi, na sina subira na ramani zenye rangi nzuri zisizoeleza lolote.

Ramani hutafsiri anwani ya IP kuwa mahali kwa kutumia hifadhidata za kampuni kama MaxMind. Hifadhidata hizo hukisia, na zisipojua huweka katikati. Kwa miaka mingi anwani ambazo MaxMind ilijua tu kwamba ziko Marekani iliziweka karibu na kitovu cha nchi, na nukta hiyo ikaangukia shamba moja lililo karibu na mji mdogo wa Potwin, Kansas. Habari ilipofichuliwa 2016, zaidi ya anwani milioni 600 zilikuwa zimebandikwa pale. Familia ya pale ilikuwa imeishi miaka ikijiwa na polisi na watu waliodhani wezi wao wa mtandaoni wanaishi shambani humo. Kwa ngazi ya nchi hifadhidata hizi ni nzuri kiasi, kwa ngazi ya mji usiziamini bila kukagua.

Hata nchi yenyewe huweza kukosewa. Kampuni moja iliyosajiliwa Shelisheli ilipewa na AFRINIC zaidi ya anwani milioni 6, ambazo kwa sehemu kubwa zikaishia kutumika nje ya Afrika. Mgogoro wao ulifika mahakamani Mauritius, na Julai hiyohiyo ya 2021 akaunti za benki za AFRINIC zilizuiwa kwa amri ya mahakama. Anayechora ramani kwa kusoma sajili peke yake angeweza kuona nodi Afrika wakati mashine iko Asia.

Halafu kuna seva za kukodi. Utafiti wa 2018 wa Gencer na wenzake ulikadiria kwamba asilimia 56 ya nodi za Bitcoin walizozipima zilikuwa kwenye vituo vya data. Mtu wa Arusha anayelipia seva Falkenstein anaonekana Mjerumani. Ndiyo, Ujerumani na Marekani zimeongoza orodha kwa miaka mingi, lakini sehemu ya uongozi huo ni bei nafuu za seva. Na hapo ndipo kuenea kwa nchi kunapotudanganya kuhusu usalama. Watafiti Apostolaki, Zohar na Vanbever walionyesha 2017 kwamba mitandao 13 tu ya watoa huduma ilibeba asilimia 30 ya nodi za Bitcoin, na kwamba watoa huduma watatu wa usafirishaji, wanaopitisha data za mitandao mingine, waliweza kuona asilimia 60 ya miunganisho yote. Nodi zako zinaweza kutapakaa nchi 80 na bado zikapita kwenye nyaya za kampuni tatu. Solana, mtandao mwingine wa sarafu, ilionja jambo hili Novemba 2022: Hetzner, kampuni ya Ujerumani ya kukodisha seva, ilipozizima seva za wathibitishaji wa mtandao huo, zaidi ya asilimia 20 ya dhamana yote (sarafu ambazo wathibitishaji huziweka rehani) iliondoka hewani kwa uamuzi wa kampuni moja. Mtandao haukusimama, lakini ramani ya nchi haikuwa imemwonya mtu yeyote.

Na juu ya hayo kuna Tor, mtandao wa kuficha anwani ya mtumiaji. Nodi iliyo nyuma ya Tor haina IP inayoonekana, kwa hiyo haina nchi. Toleo la 0.21 la Bitcoin Core, la Januari 2021, lilileta umbo jipya la ujumbe wa anwani linaloweza kubeba anwani ndefu za Tor za kizazi cha tatu; vifaa vya nyumbani kama Umbrel na RaspiBlitz huendesha nodi kupitia Tor tangu mwanzo. Miaka michache baadaye zaidi ya nusu ya nodi zilizohesabiwa na vipekuzi hazikuwa na nchi kabisa. Zingatia pia kwamba kutengeneza anwani ya Tor ni bure, na nodi moja inaweza kuwa na anwani ya IPv4, ya IPv6 (aina mpya ya anwani za IP), ya Tor na ya I2P (mtandao mwingine wa kuficha anwani) kwa pamoja. Ukijumlisha orodha bila kuunganisha majina ya mmoja, umemhesabu mara nne.

Haya yanatugusa sisi huku moja kwa moja. Fungua ramani yoyote ya nodi utaona Afrika Mashariki karibu giza tupu, na kila mara nasikia likitafsiriwa kwamba hakuna mtu huku. Fuata hatua kwa hatua mtu wa Mwanza au Kisumu anayetaka kuendesha nodi. Intaneti yake ni ya kampuni ya simu. Anwani za IPv4 za AFRINIC zilifikia awamu ya mwisho ya mgao wa kubana Januari 2020, na kampuni za simu kwa kawaida huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Ruta yake ikiulizwa IP inaonyesha kitu kinachoanza na 10 au 100.64, yaani anwani ya ndani ya kampuni. Hata afungue mlango wa 8333, ule ambao Bitcoin huutumia, kwenye ruta yake, mgeni wa nje ataishia kwenye mtambo wa kampuni. Kwa hiyo kipekuzi hakimwoni. Msikilizaji atasikia tangazo lake, lakini kwa IP ya pamoja, na kama jirani yake wa mtaa wa pili naye ana nodi nyuma ya IP hiyohiyo, wawili hao watasikika kama mmoja. Akiamua kutumia Tor, mara moja anafikika, maana Tor haihitaji mlango kufunguliwa. Anaingia kwenye hesabu, ila kwenye safu ya wasio na nchi.

Kwa maneno mengine, njia mbili rahisi alizonazo zote zinamfuta kwenye ramani. Sisemi kwamba kuna maelfu ya nodi zilizojificha huku. Mabloku yote 2021 yalikuwa yamepita GB 300, na mtu anayenunua bando kwa wiki anajua maana yake. Ninachosema ni kwamba giza hilo halithibitishi chochote, upande wowote.

Kuna watakaojibu kwamba uchimbaji upo: Virunga, Kivu Kaskazini nchini Kongo, mbuga ya taifa ilianza kuchimba Bitcoin kwa umeme wa maporomoko huko Luviro 2020, na Kenya kampuni ya Gridless imekuwa ikifanya hivyo kwenye mitambo midogo ya umeme tangu 2022. Ni kweli, lakini mchimbaji si nodi. Mashine za kuchimba huungana na bwawa la wachimbaji, yaani kundi linalochimba pamoja na kugawana mapato, na ghala zima la mashine linaweza kuwa halina nodi yake hata moja. Tena Julai 2021 ilitupa ushahidi mzuri wa tofauti hii: baada ya China kuwafukuza wachimbaji, ugumu wa uchimbaji, ambao mtandao huurekebisha kulingana na nguvu ya mashine zinazochimba, ulishuka karibu asilimia 28 tarehe 3 Julai, mteremko mkubwa kuliko wowote uliowahi kutokea, lakini idadi ya nodi zinazofikika haikuporomoka nao. Ramani ya wachimbaji na ramani ya nodi zichorwe mbali mbali.

Wimbi la taka lenyewe lilipata tiba haraka. Pieter Wuille, mmoja wa waandishi wa Bitcoin Core, aliandika badiliko linaloifanya nodi ishughulikie, kwa wastani, anwani moja tu kila sekunde 10 kutoka kwa kila jirani asiyeombwa, na kuzitupa zinazozidi. Liliingia kwenye Bitcoin Core 22.0, Septemba 2021. Kabla ya hapo toleo la 0.21 lilikuwa tayari limeanza kutunza jibu la getaddr na kulirudia kwa takriban siku nzima, ili mdadisi asiweze kuchota kitabu chote kwa kuomba mara nyingi. Hatua zote mbili zililinda nodi, na zote mbili zilimpunguzia mpimaji. Ile dawa ya anwani 5,000 kwa ugeni mmoja haifanyi kazi tena kwenye nodi mpya, na naona ni sawa iwe hivyo: kinachomwezesha mtafiti wa Karlsruhe kujua nodi ina majirani wangapi kinamwezesha pia mtu mwenye nia mbaya kutafuta nodi ya kuizingira, yaani kuitenga na majirani wa kweli.

Kama ningetakiwa kuandika taarifa ya ukubwa wa mtandao kwa mwezi ule, ingekuwa na mistari hii. Nodi zinazofikika: elfu kumi na kitu, zilizoitikia mgeni, na idadi ya zile za Tor ikitajwa peke yake. Nodi zote: makumi ya elfu, kwa kiwango cha chini na cha juu, taka za Julai zikiwa zimechujwa kwa kipimo cha kurudia. Kuenea: kwanza kwa mtoa huduma, ndipo kwa nchi, na seva za kukodi zikitengwa na majumbani. Jumla ya anwani zilizoonekana nisingeiweka kabisa. Na kwenye jedwali la nchi, safu ya "nchi haijulikani" ingekaa juu kabisa, kabla ya Marekani na Ujerumani, kwa herufi zilezile na ukubwa uleule.